Mnataka harusi ya mkono: mikono ya nani?

Tangu nilipoandika hapa kwamba harusi nzuri inaweza kutengenezwa nyumbani, meseji zinamiminika kama masika. Nimechagua nane. Sita zimenipendeza, mbili zimeniudhi, mtazitambua wenyewe. Walioniuliza bei ya kumbi, mpigie mwenye ukumbi.

Shikamoo mama. Naomba bajeti ya harusi nzuri ya bei nafuu. Asante. (Ubungo)

Marahaba. Ya watu wangapi? Wewe ni wa nne mwezi huu na hakuna hata mmoja aliyetaja idadi. Nenda kamuulize fundi bei ya nyumba bila kumwambia vyumba vingapi, uone atakavyokutazama.

Nataka kutengeneza kadi za mwaliko mwenyewe. Wageni ni 250. Nianzie wapi? (Bibi harusi mtarajiwa, Tabata)

Anza kwa kupunguza, mwanangu. Watu 250 wakija kwa dabo ni kadi 125, na zaidi ya nusu ya hao ni vijana wenzako wanaotosheka na kadi ya kwenye simu. Wanabaki kama 50: babu, wajomba, mashangazi, jirani aliyekulea, wale wanaoichomeka kadi kwenye kioo cha kabati mpaka inageuka rangi. Hao ndio wa kadi ya mkono.

Karatasi ya manila moja inatoa kadi kadhaa. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwenu na mfuko, umwombe vipande vya vitenge vinavyoanguka chini ya mashine, atakushukuru kwa kumfagilia. Kata vipande vya mraba, pasi kwanza, kisha bandika kwa gundi kidogo sana, maana ikizidi inapenya na kuacha doa kama la mafuta. Majina andika mchana, ukiwa umekula. Mimi niliwahi kuandika kadi 80 usiku mmoja, na mjomba wa bwana harusi akapokea kadi yenye jina la marehemu kaka yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaniuliza kama na huyo mwingine ameandaliwa kiti.

Jambo ambalo hukuniuliza: kabla hujaandika tarehe kwenye kadi hata moja, je, mmeshatoa taarifa ya kusudio la kuoana? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Kila mwaka napata wawili watatu wenye kadi zilizokwisha kugawiwa na makaratasi ambayo hayajaanza kushughulikiwa.

Maua halisi ni ghali sana. Nitumie ya plastiki? (Sinza)

Hapana. Yanakusanya vumbi kabla ya bibi harusi kufika, na keshokutwa yako jalalani.

Tatizo lenu mkisikia maua mnafikiria waridi nyekundu zilizosafiri kwa basi usiku kucha kutoka Arusha. Hapa pwani bibi zetu waliozeshwa kwa asumini, vilua, mkadi na mrehani, na ukumbi mzima ulinukia hata taa zikizimwa. Asumini huchumwa jioni, ingali imefumba, kwa sababu hufunguka usiku. Chukua uzi wa pamba, ukunje mara mbili, sindano ipite kwenye kile kikonyo chembamba cha ua. Usiitoboe kwenye petali, itaungua rangi ya chai kabla ya alfajiri. Ukimaliza koja, lizungushe kwenye kitambaa chepesi chenye unyevu au jani la mgomba, uliweke chini kabisa ya friji, mbali na barafu. Asubuhi unapofungua, nyumba nzima itajua kuna harusi.

Kwa nafasi kubwa, majani. Matawi mawili ya mnazi yaliyopindwa mlangoni yanalishinda lango la maputo, na mrehani ukiwekwa katikati ya meza kwenye makopo ya maziwa yaliyovishwa khanga ya zamani unatosha. Kama harusi ni baada ya miezi mitano, omba vipandikizi vya mrehani leo upande uani. Utakuwa umepata mapambo kwa bei ya maji. Na kama una bibi yu hai Magomeni au Ilala, acha kunisoma, nenda ukamwombe akufundishe kufunga kikuba, kile kishada cha maua na majani yanayonukia.

Naweza kutandika khanga mezani badala ya kukodi vitambaa? (Mbagala)

Unaweza, na ni wazo zuri kuliko yale masatini yanayoteleza na sahani. Ila kipande kimoja cha khanga ni kama mita moja kwa moja na nusu, kwa hiyo meza ya duara ya watu kumi itachungulia pande zote. Tanguliza shuka jeupe, khanga ije juu kwa mshazari. Usiikate. Sherehe ikiisha, kila doti inakwenda kwa mama mmoja, na hiyo ndiyo shukrani yenu.

Lakini soma jina la khanga! Someni, nimechoka kulisema hili. Nilikuwa kwenye sherehe moja ambapo meza ya wazazi wa bwana harusi ilitandikwa khanga nzuri, nyekundu na nyeusi, iliyoandikwa MLA NAWE HAFI NAWE ILA MZALIWA NAWE. Mkwe wa watu aliinama, akasoma polepole midomo ikicheza, kisha akaukunja ule upande wa maandishi akaupitisha chini ya sahani. Hakusema neno. Mpaka leo hajasema neno, na tatizo liko hapo hapo.

Rafiki zangu sita wamejitolea kutengeneza zawadi ndogo 200 za wageni pamoja na mapambo yote. Harusi ni baada ya wiki tatu. Nitaokoa shilingi ngapi? (Kimara)

Hesabu kwanza muda. Tuseme zawadi ni kifurushi cha iliki na karafuu: kata kitambaa, pima, funga, andika kijina. Dakika sita ukiwa hodari. Mara 200 ni saa 20, na mapambo hujayagusa. Wamejitolea sita, Jumamosi watakuja wawili, mmoja na mtoto mgongoni. Utawalisha, na ukiwa muungwana utawapa nauli.

Sasa niseme la moyoni. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi kuliko nilivyotaka. Wanaume kumi wanabishana saa mbili juu ya vinywaji na MC, na tukifika kwenye mapambo mwenyekiti anasema, "Hayo akina dada watafanya," natakiwa niandike sifuri. Nikaandika sifuri. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, saa tisa, sifuri ile ilikuwa imekaa sakafuni Buguruni, mimi na shangazi wawili wa bibi harusi, vidole vimebabuka kwa gundi ya moto, tunabandika lulu kwenye vikombe ambavyo hakuna aliyeviona. MC alilipwa taslimu.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Chagua kitu kimoja ambacho mikono yenu inakiweza na mkifanye wiki hii, si wiki ya mwisho. Vingine nunua kwa wanaoishi kwa kazi ya mikono. Harusi haigeuki kuwa ya kiwandani kwa sababu vipepeo vya ukili vimesukwa na mama mwingine. (Nasema vipepeo vya kujipepea, siyo wadudu. Kuna aliyeniuliza.) Jina lenu lishonwe pembeni kwa uzi wa rangi, basi. Hakuna zawadi ninayoipenda kuliko hiyo kwa harusi za Desemba hapa Dar: umeme ukikatika katikati ya risala, ukumbi mzima unajipepea na hakuna anayelalamika. Vitafutwe mapema, msusi hana ghala. Na ukifika kwake usimbane bei mpaka machozi yamtoke, ilhali mpiga picha ulimlipa alichotaja.

Mimi ndiye bwana harusi. Sina kipaji cha mikono. Nisaidie vipi? (Kivule)

Wanaofunga vifurushi wanakula. Osha vyombo.

Mama, keki ya ngazi tano au ndafu? (Mikocheni)

Ndafu. Ngazi tatu za chini za hiyo keki ni boksi lililopakwa sukari, na mbuzi hana boksi.

Dada, sherehe yetu ni Aprili, ufukweni Kigamboni, jioni. Tunataka mishumaa 100 kwenye vifuu vya nazi. Vifuu tuvipate wapi bila kununua? (Kigamboni)

Kwa mama lishe. Anakuna nazi kila siku na vifuu anavichochea motoni, kwa hiyo mpelekee kuni au mkaa kidogo mbadilishane, usiende mikono mitupu. Kwangua mabaki ya nazi vikiwa vibichi, vikikauka utalia. Anika, piga msasa, paka mafuta ya nazi kwa kitambaa, vitang'aa kama mpingo.

Kifuu hakikai wima. Kisokotee pete ya kamba chini. Ya mkonge, tafadhali: mkonge uko Tanga tangu ulipoletwa kutoka Florida mwaka 1893, na bado naona watu wakiagiza kamba ya juti kutoka nje kwa sababu wameiona Pinterest. Mimina mchanga mkavu ndani kabla ya mshumaa, uushike usianguke. Usiweke hata mmoja chini ya banda la makuti. Makuti hayasubiri zimamoto wavuke.

Haya, sasa hilo ambalo hukuliuliza. Aprili ni masika. Upepo wa baharini nao utaizima mishumaa yako 99 kati ya 100 kabla hamjakaa. Vikopo vya kioo kuzunguka kila mmoja vitasaidia kwa upepo, kwa mvua havisaidii kitu. Kodi turubai, mdogo wangu, na kianzio ukiweke kabla ya Machi, maana wakishaona mawingu wenye maturubai nao wanapandisha bei.