Kwa unayeanza kazi na kuvu za udongoni: haijaota si kwamba imekufa

Kila anayeingia maabara kwa mara ya kwanza huvutiwa na nyuzi nyeupe za kuvu zinazotanda kwenye sahani ya kuoteshea. Ni haki yake, zinapendeza. Ila shambani nyuzi hizo hazidumu: jua, ukame na njaa huzimaliza. Kinachovuka msimu hadi msimu ni vile vipunje vigumu vinavyojitokeza pembeni mwa sahani, sklerotia. Hivyo ndivyo vya kujifunza mapema.

Anza na Sclerotium rolfsii, kuvu ya udongoni inayoozesha mimea, maana haina ubishi. Sklerotia zake huanza nyeupe, laini, zikitoa matone madogo ya majimaji juu yake. Usizichukue hapo. Subiri matone yakauke na rangi igeuke kahawia, zifanane na mbegu za haradali. Kata moja kwa wembe mpya uitazame kwa hadubini: nje utaona ganda jembamba jeusijeusi lenye melanini (rangi nyeusi ya kinga), ndani nyuzi zisizo na rangi zilizoshonana, zimejaa mafuta na glaikojeni (aina ya wanga). Ganda huzuia mionzi ya jua na vimeng'enya vya vijidudu vya udongoni, na akiba ya ndani ndiyo itakayolisha nyuzi mpya siku ya kuota.

Sasa, utazipanda kwenye agari (jeli ya kuoteshea) na nyingine hazitaota. Hapa wanafunzi wengi huandika "zimekufa". Andika "hazijaota hadi leo", kisha jiulize zinasubiri nini. Nyingine, zikiwa udongoni, huzuiwa na mazingira tu: udongo hauna chakula cha ziada na vijidudu jirani vinawahi kila kinachopatikana. Nyingine zina kufuli la ndani. Spora (chembe za uzazi) za kijinsia za kuvu iitwayo Neurospora hulala mpaka zipashwe joto la nyuzi 60 hivi kwa nusu saa, na sklerotia za kuvu nyingine, Sclerotinia sclerotiorum, mara nyingi hutaka kipindi cha baridi na unyevu kabla ya kuchipuza vikombe vyake vidogo vya kutolea spora.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kuvu ya uozo mweupe wa vitunguu. Sklerotia zake zinaweza kukaa udongoni miaka 20 bila mmea wa kuushambulia, zikingoja harufu ya salfa inayotoka kwenye mizizi ya vitunguu na jamaa zake. Watafiti waliigeuza tabia hiyo kuwa mtego: wanaweka kemikali yenye harufu hiyo kwenye shamba lisilo na kitunguu, sklerotia zinaota, hazikuti mzizi, zinakufa njaa. Mtego huo usingebuniwa kama watu wangeridhika kuziita mfu.

Kupima uhai, zibane taratibu kwa kibanio. Nzima huwa ngumu na ndani nyeupe. Iliyooza hupasuka au huwa tupu. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, kwa hiyo osha nyingine kwa hipokloraiti ya sodiamu (dawa ya kung'arishia nguo) dakika chache, suuza kwa maji safi yaliyochemshwa kwa shinikizo, ndipo upande. Weka pembeni chache ulizozichemsha kabisa, ziwe za kulinganishia.

Klamidospora, yaani spora za kulala zenye ukuta mnene, za kuvu iitwayo Fusarium zinataka subira ya macho. Seli nzee iliyovimba hudanganya. Tafuta ukuta mnene na vitone vya mafuta ndani.

Jambo la mwisho ni usafi. Ile hipokloraiti tunaitumia kuosha sklerotia kwa sababu inaua vya juu na kuacha vya ndani vikiwa hai, kwa hiyo usidhani kupangusa meza kwa dawa hiyohiyo kumemaliza kazi. Zilizodondoka ziokote moja moja. Sahani zilizotumika na mabaki ya udongo kwenye chekeche yaende kwenye otoklevu (mtungi wa mvuke wa shinikizo), joto la nyuzi 121, na udongo uufunge kwenye mifuko midogo kwa sababu joto hupenya udongo polepole. Viatu vya shambani vioshwe hukohuko shambani, kabla hujapanda gari.