Kabla Hujamtetea Zera Yacob

Vijana wanaotaka kusomea historia ya falsafa hadi shahada ya uzamivu huniuliza waanze na mwanafalsafa gani, nami huwajibu waanze na lugha. Tasnifu yangu ya uzamili ilimhusu Zera Yacob, Mhabeshi anayesemekana kuandika Hatata, kitabu cha falsafa, mwaka 1667, na niliiandika yote kwa kutegemea tafsiri ya Kiingereza. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliniuliza neno nililoliita "akili" katika kurasa arobaini ni lipi kwa Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia ambayo Hatata iliandikwa kwayo. Nilikunywa maji, naye akafunua ukurasa mwingine.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nimsome upya Claude Sumner, padre Mjesuiti kutoka Kanada aliyefika Addis Ababa mwaka 1953 na kufundisha falsafa huko kwa miongo kadhaa. Hutajwa zaidi kwa sababu ya ugomvi mmoja: mwaka 1920 Carlo Conti Rossini, mtaalamu Mwitaliano wa lugha za Ethiopia, alidai kwamba Hatata ilitungwa na Giusto da Urbino, mmisionari Mkapuchini aliyempelekea Antoine d'Abbadie, msomi Mfaransa aliyekusanya miswada ya Ethiopia, mswada wa kitabu hicho katika karne ya 19, na Sumner akalipinga dai hilo kwa kuichambua lugha ya matini yenyewe. Lakini alitumia miaka mingine mingi kwa vitabu visivyo na umaarufu wowote, kama Fisalgwos, kitabu cha maana za kiroho za wanyama kilichotafsiriwa kutoka Kigiriki, akionyesha jinsi mfasiri wa Kihabeshi alivyopunguza, akaongeza na kukifanya kitabu kiwe chake. Kazi hiyo inasimama hata kama Conti Rossini alikuwa na haki, na wapo wataalamu wa leo wanaomuunga mkono.

Kwa hiyo chagua swali ambalo halitakufa siku jibu moja litakapoanguka, hasa ukijua kwamba ajira zetu ni chache na kwamba, ukiipata, muda wako mwingi utaumaliza ukisahihisha mitihani ya mantiki ya mwaka wa kwanza. Omba ufadhili wa lugha kabla ya ufadhili wa utafiti. Mimi nilianza kujifunza herufi za Kige'ez nikiwa na miaka 34, nikaazima kamusi kubwa ya August Dillmann ya mwaka 1865, na nilipoifungua nikakuta kila neno limefasiriwa kwa Kilatini, lugha ambayo nayo sikuwa nimejifunza.