Mnaoanza kushona nguo za watoto huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kwenye baridi, someni hii kabla ya kushika mkasi

Kila anayejifunza cherehani anaambiwa anza na nguo za watoto maana kitambaa kinachotumika ni kidogo, ukiharibu hasara siyo kubwa. Kwenye kitambaa nakubali, nusu mita ya upana wa mita moja na nusu unatoa suruali ya mtoto wa mwaka mmoja na vipande vinabaki. Ila kwamba ni rahisi, hapo tusidanganyane. Nguo ya mtoto mdogo ina mishono ileile ya nguo ya mkubwa halafu kila kitu kimebanana, mkono wenyewe mwembamba hata kuuzungusha chini ya mguu wa cherehani ni shughuli, na huyo mteja wako hasimami apimwe, analia, anageuka, anavuta futi anaitia mdomoni. Kwa hiyo mdogo wangu anza nazo, ni sawa, ila usianze kwa kuzidharau.

Kitu cha kwanza kabisa ni kichwa. Wanaoanza wengi wanachukua patani (kile kielelezo cha karatasi cha kukatia) ya gauni la mtu mzima wanaipunguza mpaka iwe ndogo basi wanakata, nguo inatoka nzuri kweli kwenye henga, ikifika kwa mtoto haiingii. Mtoto hayuko hivyo. Kichwa chake ni kikubwa sana ukilinganisha na mwili, wa mwaka mmoja mzunguko wa kichwa unacheza kwenye sentimita 46, wa miaka miwili kama 48, wakati shingo yake ni kama nusu ya hapo tu. Sasa ukikata shingo ya duara ya kutosha kichwa kupita, nguo itadondoka mabegani na kifua kitabaki wazi kwenye baridi, ukikata ya kumkaa vizuri shingoni haipiti kichwani. Ndo maana lazima kuwe na ufunguzi, hakuna njia ya mkato hapo kama kitambaa hakivutiki.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme shingo uliyokata ikishaisha kushonwa ina sentimita 28 na kichwa ni 48, unapungukiwa 20. Kila sentimita moja ya mpasuo inakuongezea mbili, kwa sababu mpasuo una pande mbili, kwa hiyo mpasuo wa sentimita 10 unakupeleka kwenye 48 kamili, wewe weka 12 ili masikio yasisuguliwe. Pima kichwa kwa kupitisha futi juu ya nyusi na nyuma pale kilipotokeza, siyo utosini.

Mpasuo uweke wapi? Wengi wanaweka mgongoni na vifungo, na mimi sipendi, nitaeleza sababu mbele. Begani ni pazuri zaidi, ila bega moja la mtoto halitoshi sentimita 12, kwa hiyo ugawe mpasuo mabega yote mawili, vifungo viwili kila bega mchezo umeisha. Na kwa vitoto vichanga kama una kitambaa cha kuvutika kama cha fulana, shona mabega ya kupishana, yaani kipande cha mbele kinalala juu ya cha nyuma pale begani bila kushonwa kwenye mstari wa shingo, ziangalieni fulana za watoto wachanga za mtumba nyingi ziko hivyo. Uzuri wake nepi ikivuja mpaka mgongoni, nguo unaivua kwa kuishusha chini badala ya kumpitishia mtoto huo uchafu usoni. Mama yeyote aliyewahi kukutana na hiyo kitu atakuagiza nguo nyingine.

Haya, suruali. Hapa ndo naona watu wanapata shida zaidi na ndo nguo inayotafutwa zaidi huku kuanzia Mei mpaka Agosti. Mtoto ana nepi nyuma, tena kama ni ya kitambaa inajaa kweli. Kipande cha nyuma kinatakiwa kiwe kirefu kwenda juu kuliko cha mbele, mi naongeza kama sentimita 3 au 4 pale kiunoni nyuma halafu nashuka taratibu mpaka ubavuni. Usipofanya hivyo mtoto akichuchumaa suruali inashuka mgongo unabaki nje. Na pale kati kwenye miguu usibane, acha nafasi, wengine wanaongeza kipande chenye umbo la almasi kati kati ni kizuri sana kwa mtoto anayetambaa.

Halafu kuna suala la mbeleko ambalo patani za kupakua mtandaoni hazilijui kabisa, maana zimechorwa na watu ambao watoto wao wanakaa kwenye vigari. Mtoto wa huku anabebwa mgongoni. Akishabebwa, miguu imetanuka magoti yamekunjwa, suruali inapanda mpaka karibu na magoti na yale mashavu ya miguu yanabaki nje, na ni saa kumi na mbili asubuhi Uyole, Mbeya, mama anawahi sokoni. Simama na mama aliyebeba uangalie mwenyewe. Kwa hiyo miguu ya suruali ongeza sentimita 4 au 5 zaidi ya kipimo cha mtoto aliyesimama, na mwisho weka kitu cha kubana kidogo ili isipande, mimi natumia zile riba, yaani sehemu za kuvutika mwishoni mwa mikono ya masweta ya mtumba yaliyochoka, unakata unashonea pale chini, inabana bila kuumiza. Na ile sababu niliyosema nitaeleza, ya kutotaka vifungo vya mgongoni, ni hii: hata kama mbeleko haivigusi sana lakini akilazwa chali analalia vifungo usiku kucha, maskini hawezi kusema.

Lastiki ya kiuno: pima tumbo la mtoto akiwa ameshiba, toa sentimita 2 au 3, basi. Watu wanatoa 8 eti isidondoke, matokeo yake mtoto anavuliwa nguo tumbo lina mstari mwekundu. Na usiishone moja kwa moja kwenye kitambaa, tengeneza njia ya kuipitisha kwa pini, acha na katundu kadogo kwa ndani, ikichoka mama anaivuta anaweka nyingine au akiona mtoto kanenepa anailegeza.

Vitambaa sasa. Flana ya pamba ni laini na ina joto, lakini inasinyaa, tena vibaya, kwa hiyo ifue kabisa na uianike kabla ya kukata, hata kama mteja anakuharakisha. Kitenge na khanga vivyo hivyo, kwanza kutoa ile dawa ya dukani inayokifanya kisimame, pili kuona kama kinachuja rangi, maana mtoto atanyonya kola tu hata ufanyeje. Flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya cha majaketi, kwa anayeanza ni rafiki sana, haichanuki nyuzi ukingoni hivyo hata bila ovaloki (mashine ya kufunga kingo zisichanuke) unaweza kuimaliza vizuri, na inakauka haraka, hilo kwa watu wa Tukuyu wanaokaa wiki nzima mvua haikati mnanielewa. Ila ina mambo yake: inavutika upande mmoja kuliko mwingine, upande wa kuvutika uende kuzunguka mwili siyo juu kwenda chini, na pasi ya mkaa usiiguse kabisa, inayeyuka inakunatia kwenye pasi.

Kama hujui kitambaa ni pamba au siyo, wauzaji wengine wenyewe hawajui, vuta uzi mmoja uuchome. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na inaacha jivu la kupeperuka, polista inayeyuka inajikunja inakuwa kashanga kagumu. Na hapo hapo nisemee moto, maana huku watoto wanashinda karibu na jiko. Flisi ikishika moto inayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Flana nayo kwa vile ina vinyoya juu inawaka haraka mno. Siyo kwamba msishone, tutavaa nini Makete huko ambako asubuhi unakuta barafu kwenye majani? Ila shona ibane mwili. Mikono mipana ya kuning'inia na magauni marefu ya marinda kwa mtoto anayeanza kutembea na jiko liko chini sakafuni, hapana, mteja akitaka mweleze, acheze nayo kanisani.

Kamba za shingoni na kwenye kofia pia msiweke. Wenzetu Ulaya kwa nguo za watoto wa chini ya miaka 7 kamba sehemu hizo haziruhusiwi kwenye viwango vyao, sababu inanasa kwenye kitu mtoto ananyongwa, na ile kofia unaweza tu kuiwekea lastiki laini kuzunguka uso ikakaa fresh. Vifungo shona kwa uzi mara mbili, zungusha uzi chini ya kifungo uwe kama shina, funga fundo kwa nyuma, kisha kivute kwa nguvu kama unataka kukiiba. Kikitoka mkononi mwako kingeng'okea mdomoni mwake.

Kwa ndani ya nguo. Mtoto hana neno la kukuambia mshono unamwasha, atalia tu na watu watasema ana tumbo. Vitambaa vyepesi kama kitenge mi nashona mara mbili: kwanza unaunganisha pande za ndani zikiwa zimeangaliana, yaani kama umekosea, unapunguza ukingo ubaki nusu sentimita hivi, unageuza, unapiga pasi, halafu unashona tena kwa upande wa kawaida, ule ukingo wote unafungiwa ndani na huhitaji ovaloki. Kwenye flana nzito inakuwa nene sana makwapani, huko bora upeleke kwa fundi mwenye ovaloki akupigie, mafundi hao Mwanjelwa pale Mbeya wapo wengi na Iringa pia, siyo lazima ununue ya kwako mwezi wa kwanza. Shingoni badala ya kukunja pindo tumia utepe uliokatwa mshazari, pindo la kukunja kwenye duara dogo vile linakunjamana tu.

Kukata tu nako. Koti au sweta la flisi pima mtoto akiwa kavaa fulana na sweta lake la chini, siyo akiwa kifua wazi, halafu ongeza sentimita 8 mpaka 10 kifuani, la sivyo mikono haikunjiki mtoto anatembea kama sanamu. Pindo za chini weka za sentimita 4 au 5 zifumuliwe akikua. Mikono usiongeze kupita kiasi, ongeza kwa ndani kama kamkunjo kamoja kalikoshonwa kwa bandi (mishono mirefu ya kufumulika kirahisi), akirefuka mama anafumua. Wazazi wengi watakwambia "mshonee kubwa aivae miaka mitatu". Ongeza urefu, usiongeze shingo wala mabega, shingo kubwa haivaliki mwaka wowote.

Cherehani yenyewe sitasema mengi. Sindano namba 11 kwa vitambaa vyepesi, 14 kwa flana na kitenge, na kwa flisi au jezi (kitambaa cha kuvutika cha fulana) tafuta yenye ncha ya mviringo, ukiona inaruka mishono usianze kufungua mashine nzima, badilisha sindano kwanza. Uzi wa bobini ukionekana juu umekaza mno uzi wa juu, ukiona vitanzi chini mara nyingi uzi wa juu haujapita sawasawa, toa upitishe upya mguu ukiwa umenyanyuliwa. Mafuta weka ya cherehani. Ya kula yanaganda, na kwa baridi hii yanaganda mara mbili, utakanyaga mpaka magoti yaume.

Kujifunza patani, mwalimu wa bei nafuu ni mtumba. Nenda wanapomwaga belo, chukua zile za mwisho mwisho zenye madoa au zipu mbovu, fumua mshono kwa mshono bila kuchana, piga pasi vipande, vilaze juu ya gazeti chora ukifuata alama ya mshono wa zamani, ongeza sentimita moja na nusu ya mshono. Andika pale pale "nyuma", "mbele", mstari wa kitambaa (nyuzi zake zinakoelekea) na umri, maana baada ya wiki mbili utakuwa na magazeti ishirini hujui lipi ni lipi. Na yale makoti makubwa ya flisi ya watu wazima yasiyonunulika, koti moja linatoa suruali mbili za mtoto, kata ukitumia pindo lake lile lile la chini kama pindo la mguu, kazi nusu imeshafanyika.

Bei sasa, maana nyie wapya ndo mnaharibu soko halafu mnaacha baada ya miezi mitatu mnasema cherehani hailipi. Mteja atakuambia "dada kanguo kadogo hivyo?" Mwambie kitambaa ndo kidogo, kazi ni ileile. Andika muda uliokaa kwenye hiyo nguo, uzi, lastiki, vifungo, hela ya ovaloki na nauli ya kwenda sokoni, jumlisha, ndo uanze kutaja bei. Wa mtaani kwako chukua hela ya kitambaa mkononi kabla hujakata, hata akiwa mama mdogo wako. Na Desemba mwishoni watakuja na sare za chekechea kwa mkupuo, kila mtu anataka kabla shule hazijafunguliwa Januari, pokea zile tu unazoweza kumaliza, zilizobaki waelekeze kwa fundi mwingine, nayeye siku yake ikijaa atakuletea.