Ziwa likitibuka, badili chambo na mwendo

Umeuliza kwa nini chambo bandia kilichokupa besi, yule samaki wa ziwani anayewinda samaki wadogo, wiki iliyopita hakiguswi tena baada ya mvua kubwa kulitibua ziwa. Maji yakitibuka, besi haoni mbali. Hutegemea zaidi kuhisi mtikisiko wa maji kwa viungo vya hisi vilivyo ubavuni mwake. Basi weka kando kile chambo chembamba cha rangi ya dagaa, uchukue chenye bapa linalozunguka au chenye njuga ndani, cheusi au cha njano kali. Kivute polepole, karibu kabisa na magogo na kingo za magugu. Tena, maji yakipanda besi wengi husogea kwenye kina kifupi, katikati ya vichaka vilivyofunikwa na maji, kwa hiyo usikimbilie katikati ya ziwa. Tumia mshipi mnene: samaki hauoni vizuri, na wewe unahitaji nguvu ya kumtoa humo.

Maji yakisafika, geuza: mshipi mwembamba wa fluorokaboni (plastiki isiyoonekana sana majini), rangi za asili, tupa mbali.

Wengi hupuuza joto la maji, nalo ndilo jambo kubwa. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, mwili wa besi hupungua kasi na hafukuzii chambo mbali. Hapo mnyoo wa mpira wenye chubwi dogo, ukiuacha utulie chini kabla ya kuutikisa, hushinda chambo cha kasi. Mimi ningenunua kipimajoto kabla ya kuongeza chambo kingine sandukuni.