Kilo kwa chombo hazijashuka: je, tasi wa madema wako salama?

Ndugu, umeuliza hivi: kamati yenu ya uvuvi huko Pemba ina daftari la mwaka mzima la kilo kwa chombo, wastani haujashuka, basi mwaweza kusema tasi mnaowavua kwa madema, yaani mitego ya kusukwa, wako salama? Kwa daftari hilo peke yake, hapana.

Chombo si kipimo cha juhudi. Mwenye madema 10 yaliyolala usiku mmoja si sawa na mwenye 25 yaliyolala siku tatu. Andikeni idadi ya madema, siku yaliyolala majini na jina la mwamba. Hilo la mwamba hupuuzwa sana, nalo ndilo lenye siri: mwamba wa karibu ukikauka mvuvi husogea wa mbali, kilo zikabaki zilezile ilhali samaki wanapungua. Aliyerudi mtupu naye aandikwe sifuri. Mara nyingi hapiti dikoni, bwana diko hamwoni, na wastani unapanda kwa uongo.

Mkishapata hayo, tumieni modeli ya rigresheni (hesabu inayotenga mchango wa kila sababu) yenye mwezi, bamvua au maji mafu, na mwamba, huku kila chombo kikipewa athari yake ya nasibu, yaani tofauti yake na vyombo vingine. Kifurushi cha glmmTMB ndani ya R, programu ya takwimu, kinaimudu kazi hiyo. Sifuri zikiwa nyingi, gawanyeni: kwanza uwezekano wa kupata chochote, kisha kiasi kwa waliopata. Msijumlishe 1 kwenye kilo ili logi (logarithmu), isiyokubali sifuri, ikubali, maana jibu litafuata namba mliyojumlisha.

Modeli ya Schaefer ya 1954, inayokadiria hali ya kundi zima la samaki kutokana na mavuno na juhudi, iacheni kwanza. Mwaka mmoja hauipi pa kushika. Hata miaka kumi ya mteremko mtupu haitoshi, kwani kundi kubwa linaloongezeka polepole na dogo linaloongezeka haraka huchora mstari uleule.

Mimi ningeanza na urefu wa samaki. Ubao wenye sentimita, pua igote kwenye sifuri, mdomo ufumbwe, msome hadi panda ya mkia, wala si ncha. Wote wapime vivyo hivyo. Tasi mshikeni kwa kitambaa kinene, miba yake ina sumu. Pimeni kabla ya mnada, kwa sababu wakubwa ndio huondoka mwanzo, na chombo mlichokichagua pimeni samaki wake wote. Wakizidi nguvu, jazeni ndoo bila kuchagua.

Kisha fomula ya Beverton na Holt: vifo vyote ni K, mara (urefu wa kikomo toa wastani), gawa kwa (wastani toa Lc). Vifo vyote ni kasi ya samaki kufa kwa mwaka, kwa uvuvi na kwa asili; K ni kasi ya kukua kuelekea kikomo, yaani urefu ambao samaki hukomea kwa wastani. Lc ni urefu ambao dema huanza kuwashika sawasawa, na wastani ni wa waliouvuka huo tu. Tuseme, kwa kujifunzia, kikomo ni sm 40, Lc sm 16, K 0.6 kwa mwaka, wastani sm 22. Vifo vyote ni 1.8. Vya asili vikiwa 0.9, uvuvi ni 0.9, yaani nusu. Sasa wastani uwe sm 20: vifo vyote 3.0, uvuvi 2.1, asilimia 70. Sentimita mbili tu! Mmoja akipima hadi ncha na mwenzake hadi panda, mnaweza kufunga mwamba bila sababu, au kuuacha wazi unapohitaji kupumzishwa.

K na kikomo mkiviazima kutoka kwingine, jaribuni thamani kadhaa mwone jibu linavyotikisika. Na msikokotoe kwa mwezi mmoja mmoja: wadogo wakiingia kwa wingi wastani hushuka hata uvuvi usipoongezeka. Unganisheni miezi 12.

Baadaye mnaweza kuingia LBSPR, njia nyingine ya kutumia urefu, inayokadiria uwezo wa kuzaa uliobaki ukilinganisha na bahari isiyovuliwa. Asilimia 40 hutumika sana kama lengo, 20 kama mpaka wa hatari. Ila yenyewe inachukulia kwamba wakubwa wote wanashikika. Mdomo wa dema ukiwa mwembamba, wakubwa hawaingii, na modeli itasema wamevuliwa. Pimeni na tasi wa nyavu wa mwamba uleule mlinganishe.