Jibu: Hivi vifupisho vya kuchati vinaharibu Kiswahili?

Mkuu, umeuliza kama "cjui" na "m2" (yaani mtu) vitawaharibia watoto Kiswahili. Mimi naona hapana. Vilishika kasi enzi za meseji ya herufi 160, mtu anabana maneno asilipie meseji mbili. Vinaishia kwenye kidole. Mdomoni bado ni "sijui". (Ila "xaxa" badala ya "sasa" siielewi mpaka leo, inaokoa herufi gani?)

Kinachoingia kwenye maongezi ni vitenzi. Juzi kwenye daladala mama mmoja analalamika: "Kanibloki, na mimi nikamposti." Kitu kinanyambulika vizuri tu: bloki, blokiwa, blokiana.

Pa kukaza ni barua ya kuomba kazi yenye "cna uzoefu". Hapo mwalimu asicheke na mtu.