Ujana peke yake hautoshi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: ni wimbo au mwanamuziki gani umempenda tangu zamani na hujamchoka hadi leo, na kwa nini? Nusu ya kwanza ni nyepesi, kila msomaji ana majina yake mdomoni. Ya kwangu ni Mbaraka Mwinshehe wa Tanzania, Franco wa Kongo na bendi yake ya TPOK Jazz, na bendi ya Les Wanyika ya Nairobi kwa wimbo mmoja tu, "Sina Makosa". Hiyo "kwa nini" ndiyo imenifanya nishike kalamu, maana jibu linalotolewa kila siku mimi silikubali.

Jibu lenyewe ni kwamba tunapenda nyimbo za ujana wetu, basi, kesi imekwisha. Wataalamu wa kumbukumbu nao wanaliunga mkono: mtu mzima akiulizwa habari za maisha yake, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya tangu alipokuwa na umri wa miaka kumi na kitu hadi kwenye thelathini hivi, na muziki nao unafuata mkondo huohuo. Sibishani nao. Lakini nyimbo nilizozipenda nikiwa kijana ni nyingi mno, na nyingi kati yake zikipigwa leo nasikiliza ubeti mmoja, natabasamu, nabadilisha. Zinanikumbusha mtu fulani au enzi fulani, na zikishanikumbusha hazina kazi nyingine kwangu. Kama ni ujana tu, mbona hizo zimechuja?

Mimi naona wimbo unaodumu ni ule unaokuruhusu kuhamahama ndani yake. Chukua huo "Sina Makosa". Ulitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya wanamuziki kadhaa kujitenga na bendi ya Simba Wanyika na kuanzisha Les Wanyika. Mwanzoni unakamatwa na maneno: mtu analalamika kuwa anachukiwa bure. Ukiwa kijana unamwonea huruma, tena unauimba kwa uchungu kana kwamba ni wewe uliyeonewa. Miaka inakwenda, halafu siku moja unagundua humsikilizi tena mwimbaji, uko kwenye besi ya Tom Malanga. Besi ile inapiga noti chache, inanyamaza pale ulipotegemea nyingine, kisha inaingia tena na kuuvuta wimbo wote nyuma yake. Ukishaisikia hivyo huwezi kurudi ulikokuwa. Baadaye tena sikio linahamia kwenye gitaa la ridhimu la Omari Shabani, linalozunguka palepale bila kuchoka na bila kumpigia mtu kelele. Na ukishamaliza ziara yote hiyo unarudi kwenye maneno, na safari hii unamtilia shaka mlalamikaji. Mtu anayerudia kiasi kile kwamba hana kosa, ukiwa na umri wa kutosha lazima utamtazama mara mbili.

Wimbo ni uleule, hakuna aliyeongeza hata noti moja.

Franco ananifanyia hivyohivyo kwa njia nyingine. "Mario" ya mwaka 1985 ina zaidi ya dakika kumi, na sehemu kubwa ni Franco akizungumza kwa sauti ile nzito kuhusu kijana msomi asiyetaka kazi, anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Wengi wetu tuliupenda bila kujua Kilingala. Tulidaka jina, tukadaka kicheko, magitaa yakatuelewesha yaliyobaki, na mitaani vijana wa namna hiyo wakaitwa marioo mpaka leo. Ukija kutafsiriwa maneno yake ukiwa mtu mzima ndipo unasikia kwamba yule mama naye ana kesi yake, tena nzito, na kile kicheko kinapungua. Wanaosema wimbo bila maneno yanayoeleweka hauwezi kukaa moyoni wangefaa wahesabu watu wazima waliozeeka na Franco bila kujua hata salamu ya Kilingala.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa intaneti hawakulionja. Nyimbo nyingi za dansi na rumba za miaka ile zilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na upande mmoja haukutosha wimbo mzima. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ilikuwa na mashairi, sauti ikafifia, ukaigeuza santuri, na upande wa pili ndiko magitaa yalikofunguka na watu wakainuka. Ule ukimya wa kugeuza ulikuwa sehemu ya wimbo. Hadi sasa, nikisikia nakala iliyounganishwa vizuri bila pengo, mwili wangu bado unasimama kidogo pale katikati. Sidai kwamba ilikuwa bora. Ila ilikufundisha kusubiri chemko, yaani pale magitaa yanapofunguka, na wimbo uliousubiri hukai nao juujuu.

Mbaraka nimemwacha mwisho kwa makusudi. Alizaliwa mwaka 1944, akavuma na bendi ya Morogoro Jazz, mwaka 1973 akaanzisha yake, Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua kabla hajatimiza miaka 35. Kwake sauti na gitaa la solo vilitoka kwa mtu mmoja. Sikiliza "Shida": anatamka mstari, kisha gitaa lake linamjibu, mara kwa kukubali, mara kana kwamba linajua jambo ambalo mdomo hautaki kulisema. Hapo kuna mazungumzo, na mazungumzo ya watu wawili wenye akili huchelewa kuchosha. Umri wake nimeupita zamani. Bado nikimsikia namwita kaka, na sioni dalili kwamba nitaacha.

Neno kwa wanaotaka kuzilinda nyimbo zao: usiufanye wimbo unaoupenda kuwa mlio wa kukuamsha asubuhi. Hakuna utunzi unaostahimili adhabu hiyo, hata wa Franco.

Na msije mkadhani orodha yangu imefungwa. Mlango upo, ila foleni inakwenda polepole. Wimbo mpya naupa muda, naona kama baada ya kuzoea sauti ya mwimbaji kuna chombo kingine chini yake kitakachoniita. Mara nyingi hakuna. Umejengwa wote juu ya kiitikio, na kiitikio kikishachosha hakuna pa kuhamia. Wapo wawili watatu wa miaka ya karibuni ambao bado nawachunguza. Majina yao siyatoi kwanza.